Kibarua cha Msimu na Hesabu ya Pesa za Wengine

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kwenye semina ya siku moja, Gilgil. Yameandikwa hapa kwa ombi la waliohudhuria, na kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)

Wazee, akina mama, vijana, poleni na safari. Najua wengine mmetoka Subukia na Elburgon kabla jua halijachomoza, na wale wa Mai Mahiu wamebanana kwenye matatu. Asanteni kwa kuja.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya "vijana na kazi za muda". Mimi nikamwambia, kichwa hicho ni kama debe tupu, kitapiga kelele tu. Heri nieleze kisa kimoja ambacho kila mmoja wenu anaweza kukibeba hadi nyumbani. Mwenye kisa na mama yake wamenipa ruhusa, ila wameomba nisitaje majina yao wala jina la kikundi. Kama kuna atakayewatambua, tafadhali anyamaze na awakumbuke katika sala.

Tutafuata njia yetu ya siku zote: tutazame, tupime, halafu tutende.

TUTAZAME

Mwezi wa pili mwaka 2023 kijana mmoja wa miaka 24 aliingia ofisini kwangu. Ni mtoto wa mwanachama, na yeye mwenyewe ndiye katibu wa kikundi, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri na hapotezi daftari. Kidato cha nne alifaulu Kiingereza na Kiswahili vizuri sana, lakini pesa za chuo hazikupatikana. Akakaa, akaweka simu mezani, akasema:

"Anti, nimepata kazi Marekani."

"Kazi gani?"

"Kuandika habari za mashindano ya karata. Ni ya msimu, wiki saba hivi. Narudi na pesa ya kujenga."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kwetu sisi karata ni zile za vijana chini ya mti wakingoja kibarua, au yule mtu wa pata-potea anayewamaliza wasafiri pale stendi. Nani atakulipa uandike hayo? Lakini niliyekosea ni mimi. Kazi hiyo ipo, na ndiyo maana kisa hiki kina mafunzo.

Shida ilikuwa hii. Kulikuwa na wakala aliyemwahidi kazi hiyo, na wakala alitaka shilingi 185,000 kabla mwezi wa nne haujaisha. Kijana alitaka kikundi kimkopeshe. Kikundi kilikuwa na wanachama 22, na akiba yao yote, ya mayai, ya maziwa na ya viazi, ilikuwa shilingi 240,000. Na mweka hazina wa kikundi ni nani? Ni mama yake mzazi. Mnaona mlima ulivyokuwa?

Tuliketi watu wanne: kijana, mama yake, mwenyekiti wa kikundi na mimi. Sikutaka tuanze kwa kumkemea. Nikasema, kwanza tuijue kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni ipi

Kuna mchezo wa karata unaoitwa poka. Watu huketi mezani, kila mmoja ana karata zake amezificha, na kila mmoja huweka dau akitumaini karata zake ni bora kuliko za mwenzake, au kwamba mwenzake ataogopa na kujitoa. Mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huo hufanyika Las Vegas, Marekani, kila mwaka, tangu mwaka 1970. Kwa kawaida huanza karibu na mwisho wa mwezi wa tano na kumalizika katikati ya mwezi wa saba. Mchezaji hulipa kiingilio, naye hupewa vipande vya plastiki vya duara vinavyoitwa chipu. Sisemi chipsi za kula, mama. Chipu zikiisha, umetoka. Anayebaki na chipu zote ndiye mshindi.

Sasa, watu wengi duniani hufuata mashindano hayo kwa mtandao, kama sisi tunavyofuata mpira kwa redio. Kwa hiyo kuna kampuni zinazoajiri waandishi wa msimu. Mwandishi huzunguka kati ya meza na daftari au simu. Anahesabu kwa macho: huyu amebaki na chipu ngapi, yule ameweka dau gani, karata gani zimefunuliwa, nani ametoka, wamebaki wangapi. Siku huanza kama saa sita mchana na kupita usiku wa manane. Mwandishi hachezi. Kazi yake ni kuona sawasawa na kuandika ukweli upesi. Akiandika kwamba mtu ametoka na kumbe bado yumo, amekosea mbele ya dunia nzima.

Mwenyekiti wa kikundi, mama wa miaka 60 na zaidi, alisikiliza yote, kisha akasema: "Kumbe ni katibu. Ni katibu wa kikundi cha watu wanaopoteza pesa." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

TUPIME

Hesabu ya meza yao na ya mzunguko wetu

Tulichukua chaki, tukapiga hesabu. Ninyi nanyi mnifuate.

Katika mzunguko wetu, akina mama 10 wakitoa 1,000 kila mmoja, zinatoka 10,000 kamili. Anapokea mmoja leo, mwezi ujao mwingine, hadi wote wapokee. Hakuna aliyepoteza. Kilichoongezeka ni kwamba kila mmoja ameshika pesa nzima kwa wakati mmoja, akanunua mabati au mbuzi.

Sasa meza yao. Katika shindano kuu la Las Vegas la mwaka 2023 walilipa viingilio 10,043, kila kiingilio dola 10,000. Jumla ni dola zaidi ya milioni 100. Lakini zilizorudi kwa wachezaji kama zawadi zilikuwa dola 93,399,900. Yaani katika kila dola 10,000, dola 700 zilibaki kwa waandaaji kabla karata ya kwanza haijagawanywa. Tena waliopata chochote walikuwa kama 15 katika kila watu 100. Wale 85 walirudi nyumbani mikono mitupu. Mshindi, Daniel Weinman, alipata dola 12,100,000.

Tuulete mchezo huo kwenye kikundi chetu. Akina mama 10 watoe 1,000 kila mmoja. Zitoke 9,300, na si 10,000. Mmoja au wawili wazichukue. Wanane au tisa waende nyumbani bila kitu, na hakuna zamu ya mwezi ujao. Je, mngejiunga na chama cha namna hiyo? (Wakajibu: Hapana!) Basi huo ndio mchezo wenyewe, hata kama unachezwa kwa haki na hakuna mwizi mezani. Magazeti yanaonyesha sura ya yule mmoja tu. Wale 85 hawapigwi picha.

Je, kuandika habari hizo ni dhambi?

Mama yake aliuliza swali hilo kabla ya swali la pesa, na nadhani alifanya vizuri. Nilimjibu kama ninavyolielewa fundisho la Kanisa. Katekisimu inasema kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Inakuwa mbaya pale inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea. Pia inaonya kwamba tamaa ya kucheza inaweza kumfanya mtu mtumwa. Kwa hiyo tajiri anayecheza kwa pesa zake za ziada ni jambo moja. Baba wa Njoro anayecheza pesa za unga ni jambo lingine.

Na mwandishi? Mwandishi analipwa kwa jasho lake. Hali pesa ya aliyeshindwa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini nilimwambia kijana: jiulize maandishi yako yanamvuta nani. Ukiandika yule mmoja tu aliyeshinda na kuwaficha wale 85, basi wewe si mwandishi, wewe ni mpiga debe. Hapo kijana alinyamaza.

Kazi ya kweli, njia ya uongo

Baadaye tukaja kwa wakala. Tulimwuliza kijana maswali manne. Yaandikeni, kwa sababu ndiyo mtakayowauliza watoto wenu wanaoahidiwa kazi za Ghuba, Kanada na kwingineko.

Moja: mwajiri ni nani, na je, mwajiri mwenyewe anajua jina lako? Kijana hakuwa na barua yoyote ya mwajiri. Alikuwa na jumbe za simu kutoka kwa wakala peke yake.

Mbili: wakala amesajiliwa? Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ina orodha ya mawakala walioruhusiwa kupeleka watu kazini ng'ambo. Tukatafuta. Jina hilo halikuwemo.

Tatu: utaingia nchi ile kwa karatasi gani? Wakala alimwambia aombe viza ya mgeni, "halafu mambo mengine tutapanga huko huko". Viza ya mgeni ya Marekani haimruhusu mtu kuajiriwa. Ukishikwa ukifanya kazi unarudishwa, na mlango unafungwa.

Nne: pesa zinatumwa wapi? Kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Hakuna ofisi, hakuna risiti.

Angalieni jinsi mtego ulivyotegwa. Kazi ilikuwa ya kweli. Mashindano ni ya kweli, mji ni wa kweli, hata miezi ilikuwa sawa. Uongo mzuri hupanda juu ya mgongo wa ukweli, kama kupe juu ya ng'ombe. Ndiyo maana hata kijana mwenye akili alinaswa.

Lakini kilichookoa kikundi hakikuwa maneno yangu. Ni katiba yao. Ilisema mwanachama hukopeshwa si zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Kijana alikuwa na akiba ya 4,200. Mara tatu ni 12,600, mwisho. Mama yake, akiwa mweka hazina, alisimama mbele ya wenzake akasoma kifungu hicho kwa sauti. Akaketi. Siku hiyo alinifundisha maana ya neno uaminifu.

Sitaki kuwaficha: kijana alikasirika vibaya. Wiki mbili hakumsemesha mama yake. Mwezi wa sita alipompigia wakala, alisikia ile sauti ambayo sote tunaijua, kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Hajapatikana hadi leo.

Mashindano yetu ya hapa nyumbani

Nikamwambia, unatafuta mashindano ng'ambo na yanapita mlangoni kwenu. Wazee hapa wanakumbuka Safari Rally ya Pasaka. Ilianza mwaka 1953, magari yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mnamkumbuka Joginder Singh? Alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Baada ya mwaka 2002 mbio hizo zilitolewa katika ubingwa wa dunia, na zikakaa nje miaka 19. Ziliporudi mwezi wa sita mwaka 2021 makao yake yakawa Naivasha, katika kaunti yetu hii ya Nakuru. Magari yanapita Loldia, Kedong, Soysambu, Elementaita, hadi Hell's Gate.

Mbio zinapokuja, zinakuja na vibarua: wa kupika, wa kulinda, wa kuelekeza magari, wa kuosha vyombo, na pia wa kuandika. Vyombo vya habari na watu wa picha huhitaji vijana wanaojua njia za huku, wanaoandika upesi na wasiochoka na vumbi. Kijana wetu aliandika barua tano. Moja ilijibiwa.

Kikundi kilimkopesha 9,000, ndani ya katiba, akanunua simu ya mtumba yenye betri nzuri na viatu vya mpira. Mwezi wa sita mwaka 2023 alisimama mwisho wa sehemu za mbio, akaandika nambari ya gari, muda, gari lililokwama, gari lililopasuka gurudumu, na maneno ya madereva. Vumbi la Kedong mnalijua, ni laini kama unga na linaingia hadi kwenye meno. Mtandao ukipotea alikimbia kupanda kilima ili atume habari. Mwaka huo alishinda Sébastien Ogier, Mfaransa, kwa gari la Toyota. Kijana alikuwa pale akaandika. Alirudi nyumbani amekuwa mwekundu kutoka kichwani hadi miguuni, na amefurahi ajabu.

Alilipa mkopo wote. Kama kisa kingeishia hapo tungepiga makofi tukanywe chai. Hakikuishia hapo.

Pesa ya msimu ni kama mvua ya mawe

Inashuka yote kwa siku moja. Tuipime. Siku 8 kwa shilingi 2,500 ni 20,000. Kijana wa kijijini akishika 20,000 anahisi ni tajiri. Sasa toa nauli, chakula na mahali pa kulala: alitumia 5,200. Zinabaki 14,800. Gawanya kwa miezi 12, kwa sababu mbio zinakuja mara moja kwa mwaka. Ni 1,233 kwa mwezi. Kwa siku ni kama shilingi 40. Mama, shilingi 40 kwa siku utanunua nini? Basi hiyo ndiyo sura halisi ya pesa ya msimu.

Tena msimu wenyewe unahama. Mwaka 2021, 2022 na 2023 mbio zilikuwa mwezi wa sita. Mwaka 2024 zikahamishiwa mwezi wa tatu, tarehe 28 hadi 31, ambapo tarehe 31 ndiyo ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Mwaka 2025 zikawa tarehe 20 hadi 23 mwezi wa tatu. Aliyepanga mambo yake kwa pesa ya mwezi wa sita alijikuta amechelewa au amewahi bila kutaka.

Pasaka hiyo ya 2024 ilimwumiza mama yake kwa sababu ya Misa. Kijana alijitahidi, Jumamosi usiku akaenda kwenye mkesha huko Naivasha na viatu vyake vya vumbi, akasimama nyuma kabisa. Hilo lilikuwa zuri. Lakini kuna mambo mawili mengine ambayo hayakuwa mazuri.

La kwanza, alikopa 12,000 mwezi wa pili kununua kompyuta iliyotumika, akaahidi kulipa na pesa za mbio. Pesa za mbio zilichelewa. Aliyemwajiri, nisimtaje, alisema "wiki ijayo" kuanzia mwezi wa nne hadi mwezi wa sita. Hapakuwa na mkataba ulioandikwa, ni maneno tu.

La pili ni zito zaidi. Wiki ya mbio, vijana wenzake walikuwa wakiweka dau kwa simu. Yeye aliyajua magari kuliko wao. Toyota ilikuwa imeshinda kila mwaka tangu 2021, na kweli mwaka huo Kalle Rovanperä akashinda tena na Toyota. Kijana wetu aliweka 1,000 akarudishiwa 1,400. Shilingi 400 kwa kubonyeza tu! Na mimi nawaambia, zile 400 ndizo zilizomgharimu. Zilimwambia kwamba yeye anajua. Akasahau kwamba kuyajua magari si kujua kesho.

Pesa zake zilipoingia mwezi wa sita alikuwa amechoka kungoja na ana deni. Akaingia kwenye ule mchezo wa kindege kinachopaa kwenye simu, mwenye kutoa pesa mapema anapata, mwenye kuchelewa kindege kinaondoka nazo. Usiku wa kwanza 6,000 zikaenda. Usiku wa pili akaweka 5,000 ili azirudishe zile 6,000. Zikaenda pia. Kijana aliyekwisha kupiga hesabu ya wale 85 kwa chaki mbele yangu! Ndugu zangu, kujua hesabu hakumkingi mtu akiwa peke yake saa saba usiku na simu mkononi.

Miezi mitatu hakulipa kikundi. Mama yake alijua kuna kitu, hakuuliza. Mwezi wa tisa, katika mkutano, mwenyekiti alisoma majina ya wenye madeni. Lilipofika jina lake, palikuwa kimya. Yeye ndiye katibu, kalamu iko mkononi mwake. Akauliza, "Niandike nini?" Mwenyekiti akamjibu, "Andika kilichotokea. Si ndiyo kazi yako?"

Akaandika, kisha akasoma kwa sauti kama kawaida ya kumbukumbu za mkutano: kwamba mkopo wa shilingi 12,000 haujalipwa kwa sababu mkopaji alipoteza shilingi 11,000 katika kamari. Mama mweka hazina alilia. Wengine nao wakalia. Hakuna aliyetukana.

Nimeiona kumbukumbu hiyo kwenye daftari. Maneno mawili yamefutika kidogo kwa maji, sijui ni ya mvua au ya machozi, sikuuliza.

TUTENDE

Kikundi hakikumfukuza, na pia hakikumsamehe deni. Waliligawanya: 1,000 kila mwezi, kutoka kwa vibarua vya kupanda na kuchimba viazi, si kutoka kwa pesa za mbio. Simu yake ya pesa akamkabidhi dada yake kwa miezi sita. Mwezi wa tatu mwaka 2025 alienda tena Naivasha, safari hii akiwa na makubaliano yaliyoandikwa. Alishinda Elfyn Evans, tena kwa Toyota, na kijana aliandika bila kuweka hata shilingi. Mwezi wa tisa mwaka huo deni liliisha. Siku hizi anaandika vitabu vya hesabu vya vikundi vitatu, kila kimoja kinamlipa kidogo, na kati ya misimu analima viazi. Haniambii kwamba tamaa imekwisha kabisa. Ananiambia, "Anti, naendelea."

Kutokana na hayo nawaachia mambo sita.

1. Pesa ya msimu ipigwe kwa miezi 12 kabla ya kutumiwa. Andikeni hesabu hiyo ukutani mwa mahali mnapokutania.

2. Kabla ya kwenda kazini, kijana awe na maandishi: ni siku ngapi, ni shilingi ngapi kwa siku, nani anatoa chakula na nauli, na pesa zitalipwa tarehe gani. Kama hakuna mkataba, basi ujumbe wa simu utunzwe usifutwe.

3. Mkopo usilipwe kwa pesa ambayo bado iko mfukoni mwa mtu mwingine. Mkopeshwaji aonyeshe mapato mengine.

4. Anayefanya kazi kwenye mashindano, awe ni ya magari, mpira au karata, asiweke dau hata mara moja. Na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa na sheria. Sheria mpya ya kudhibiti kamari ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, inasisitiza hivyo. Basi tusiwatume watoto na simu zetu zilizo wazi.

5. Katiba ya kikundi iwe na kipimo cha mkopo, na kipimo hicho kisivunjwe kwa machozi ya mtu yeyote, hata ya mweka hazina. Wale ambao bado hamjajisajili chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, twendeni pamoja ofisi ya maendeleo ya jamii, nitawasindikiza.

6. Kikundi kiwe mahali ambapo mtu anaweza kusema "nimecheza, nimepoteza" na bado akapewa kiti. Anayeogopa kutukanwa atajificha, na akijificha atacheza tena.

Nimalize. Yule mama mwenyekiti alisema katibu wa karata ni katibu wa watu wanaopoteza pesa. Katibu wenu wa kikundi anaandika za watu wanaojengana. Kalamu ni ile ile. Rudini nyumbani mkamwulize katibu wenu kama daftari linasema ukweli, na kama kuna jina ambalo kila mtu analijua na hakuna anayethubutu kulisoma. Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

Gawanyikeni watu watano watano. Mmoja aandike majibu.

1. Katika kijiji chetu, ni kazi gani za msimu vijana wetu wanafanya? Pesa zake zinakwenda wapi mwezi unaofuata?

2. Kama wewe ungekuwa mama mweka hazina siku ile, ungefanya nini? Ni nini kingekuwa kigumu zaidi kwako?

3. Je, kikundi kilifanya haki kutomsamehe kijana deni lake? Kwa nini?

4. Kati ya yale mambo sita, lipi mnaweza kulianza kabla ya mkutano ujao? Nani atalishughulikia, na lini?